Kauboi wa Sinema na Watu wa Ng'ambo ya Sabaki

Ni wachache miongoni mwetu ambao hawajapata kuona, angalau mara moja, picha ya sinema ya kauboi. Mwanamume mmoja aliyepanda farasi anaonekana kwa mbali juu ya kilima. Nchi iliyo mbele yake ni pana na kavu, haina shamba wala nyumba. Anateremka, anaingia katika mji mdogo uliojengwa kwa mbao, na mara twatambua kwamba wenyeji wa mji huo wanaishi kwa hofu. Yuko mwonevu mmoja, tajiri wa ng'ombe au mkuu wa wanyang'anyi, ambaye hakuna awezaye kumkabili. Mgeni hasemi sana. Mwishowe bastola hulia katika njia kuu, mwonevu huanguka, na yule mgeni hupanda farasi wake akaenda zake bila kungoja shukrani.

Katika miaka ya 1950 na 1960 picha za namna hii zilionyeshwa katika majumba ya sinema ya miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki, na vijana walizipenda mno. Wala hazikupendwa huku peke yake. Katika miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, vijana walitembea mitaani wamevaa kofia pana kama za kauboi. Katika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, makundi ya vijana yalijiita "Bills", kwa kuiga jina la Buffalo Bill. Serikali za kikoloni ziliingiwa na wasiwasi. Kamati zao za ukaguzi zilikata baadhi ya picha, na nyingine ziliruhusiwa kwa Wazungu zikakatazwa kwa Waafrika, kwa kuogopa kwamba zingewafundisha ujambazi na ukaidi.

Insha hii haikusudii kumkataza mtu kuzitazama picha hizo. Yakusudia kuuliza swali moja tu. Je, mtu yule wa mpakani tunayeonyeshwa ni mtu wa kweli? Swali hili latuhusu sisi wa pwani ya Malindi na Kilifi kuliko tunavyodhani, kwa maana nchi yetu nayo ilikuwa na mpaka wake, nao ulikuwa mto Sabaki.

Kwanza yafaa tulielewe neno lenyewe. Sisi tukisema mpaka, aghalabu twafikiri juu ya mstari unaotenga shamba na shamba, au nchi na nchi. Wamarekani wa karne ya 19 walikuwa na maana nyingine. Walimaanisha ukanda wa nchi ambako makazi ya wahamiaji waliotoka mashariki yalikoma, na pori, kama walivyoliona wao, likaanza. Ukanda huo ulikuwa ukisogea upande wa magharibi mwaka hata mwaka. Sheria ya mwaka wa 1862 iliahidi ekari 160 kwa mtu aliyekuwa tayari kukaa na kulima kwa muda wa miaka 5. Mwaka wa 1869 njia ya reli iliunganisha mashariki ya nchi na bahari ya Pasifiki. Na baada ya hesabu ya watu ya mwaka wa 1890 ilitangazwa kwamba mstari wa mpaka hauwezi kuonekana tena. Nchi yote ilikuwa imeshikwa.

Miaka 3 baadaye, katika mji wa Chicago, mwanahistoria kijana aitwaye Frederick Jackson Turner aliwasomea wenzake makala iliyopata sifa kubwa. Alisema kwamba mpaka ndio uliomfanya Mmarekani awe Mmarekani. Ulimfundisha kujitegemea, kupenda uhuru, kutomnyenyekea mkubwa, na kutumia akili na mikono yake mahali pasipokuwa na msaada. Katika mwaka uo huo, na katika mji uo huo, William Cody, ambaye watu walimwita Buffalo Bill, alikuwa akiwaonyesha maelfu ya watazamaji mchezo wake wa farasi, bunduki na vita vya kuigiza. Wazo la msomi na mchezo wa uwanjani vilikuwa vikisema jambo moja, na sinema ilipozuka iliurithi urithi wa vyote viwili. Mwaka wa 1903 Edwin S. Porter alitengeneza The Great Train Robbery, picha ya dakika 12 hivi iliyosimulia habari za wanyang'anyi wa treni. Picha hiyo ya magharibi haikupigwa magharibi. Sehemu yake kubwa ilipigwa katika jimbo la New Jersey, mashariki kabisa ya Marekani. Tangu mwanzo, basi, nchi ya kauboi ilikuwa nusu nchi na nusu jukwaa.

Na tutazame picha tatu zilizosifiwa kuliko nyingi. Katika Stagecoach, iliyotengenezwa na John Ford mwaka wa 1939, abiria wasiojuana wanasafiri ndani ya gari la farasi kupita nchi ya hatari. Mwenye benki anayejidai kuwa mheshimiwa ndiye mwizi, na mwanamke aliyefukuzwa mjini kwa sifa mbaya ndiye mwenye moyo wa huruma. Kijana aliyetoroka jela, aliyechezwa na John Wayne, ndiye mwungwana kuliko wote. Katika High Noon, picha ya Fred Zinnemann ya mwaka wa 1952, mlinzi wa sheria anayechezwa na Gary Cooper anapata habari kwamba adui yake anakuja kwa treni ya saa sita. Anazunguka mji mzima akiomba msaada, na kila mlango anaubisha bure. Katika Shane, ya George Stevens, iliyotoka mwaka wa 1953, mtu wa bastola anayetaka kuacha maisha ya bastola anawasaidia wakulima wadogo wanaofukuzwa mashambani mwao na tajiri wa ng'ombe. Anashinda, lakini hawezi kukaa pamoja nao; anaondoka peke yake, amejeruhiwa.

Tusizidharau picha hizi. Yako mafunzo mema ndani yake. Zafundisha kwamba cheo si ushahidi wa utu, kwamba ahadi ni deni, na kwamba ziko saa ambapo mtu hana budi kusimama ingawa jirani wote wamejificha. Mtu aliyeitazama High Noon hawezi kusahau aibu ya mji ule, na pengine atajiuliza mwenyewe, "Mimi ningefungua mlango?"

Walakini wahenga walisema kwamba msema pweke hakosi. Na katika picha hizi msema pweke ni yule aliyekuja na farasi. Mwenye nchi hakuulizwa.

Tuitazame tena Stagecoach. Hatari yote ya safari ile ni jina moja, Geronimo. Twaambiwa tu kwamba yuko milimani na Waapache wake. Kisha mishale yaanza kuruka. Hatuambiwi kwa nini anapigana. Sehemu ya picha ilipigwa katika Monument Valley, nchi ya Wanavajo, na Wanavajo wenyewe ndio walioajiriwa kuwaigiza Waapache. Geronimo wa kweli alijisalimisha mwaka wa 1886, akachukuliwa mbali na milima yake, akafanywa mfungwa. Mwaka wa 1905 alipelekwa Washington ili apite juu ya farasi katika gwaride la kumtawaza Rais Theodore Roosevelt, watu wakamshangilia. Siku chache baadaye alimwomba Rais amruhusu kurudi katika nchi yake alikozaliwa. Ombi lake lilikataliwa. Akafa mfungwa mwaka wa 1909.

Na kauboi wa kweli je? Alikuwa mtu wa mshahara mdogo. Kazi yake ilikuwa kuyaswaga makundi ya ng'ombe kutoka Texas mpaka vituo vya reli huko Kansas, miezi kadhaa ya vumbi, mvua na usingizi haba. Wengi wao walikuwa Wameksiko, ambao ndio waliowafundisha wengine kazi hiyo na kutupa kamba. Na wengi walikuwa watu weusi waliotoka utumwani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka wa 1865. Wanahistoria hukadiria kwamba huenda mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi. Katika picha zile za zamani ni nadra kumwona hata mmoja. Wala enzi yao haikudumu. Waya wa miiba, uliopewa hataza na Joseph Glidden mwaka wa 1874, ulikata mbuga vipande vipande, reli zikaongezeka, na kauboi akawa mlinzi wa ua. Miaka 20 hivi ya kazi ngumu imezaa zaidi ya miaka 100 ya hadithi.

Nchi yenyewe haikuwa tupu hata siku moja. Mwaka wa 1830 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa kusini-mashariki, na katika miaka ya 1838 na 1839 Wacherokee walilazimishwa kusafiri kwenda magharibi, maelfu wakafia njiani. Mwezi wa Desemba 1890, mwaka ule ule ambao mpaka ulisemekana kwisha, wanajeshi waliwaua Walakota wengi mahali paitwapo Wounded Knee, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wanawake na watoto wengi. Hivi ndivyo nchi ilivyopata kuonekana tupu machoni pa kauboi wa sinema.

Ni haki kusema kwamba watengenezaji wa picha wenyewe walianza kuona mashaka. John Ford yule yule alitengeneza The Searchers mwaka wa 1956, ambamo John Wayne ni mtu shupavu aliyejaa chuki, na chuki hiyo yamwachia mlango wa nyumba umefungwa mbele yake. Mwaka wa 1962 akatengeneza The Man Who Shot Liberty Valance, habari za mheshimiwa aliyejengewa heshima yake yote juu ya risasi ambayo hakuipiga yeye. Anapoueleza ukweli hatimaye, mwandishi wa gazeti akataa kuuchapa, kwa sababu hadithi imekwisha kuwa tamu kuliko ukweli.

Sasa na turudi nyumbani, kwa maana mtazamo huu haukubaki Marekani. Theodore Roosevelt, aliyekuwa amefuga ng'ombe huko Dakota katika ujana wake, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, mara tu baada ya kumaliza urais. Alisafiri kwenda bara ameketi katika kiti kilichowekwa mbele ya injini ya treni. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata aliwafananisha walowezi Wazungu wa nchi hii na wale aliowajua zamani katika magharibi ya Marekani. Mwaka wa 1910 akaja mzee mmoja aliyeitwa Buffalo Jones, pamoja na makauboi wawili wa kweli, ili kuwakamata simba na vifaru kwa kamba. Na mpiga picha Cherry Kearton alizipiga picha za sinema za kazi hiyo. Kauboi, basi, aliikanyaga Kenya kabla majumba mengi ya sinema hayajajengwa.

Hata mto wetu umeingizwa katika sinema. Mwaka wa 1954 Waingereza walitoa picha iitwayo West of Zanzibar, iliyoongozwa na Harry Watt. Shujaa wake ni bwana nyama Mzungu anayewafuatia wafanya magendo wa pembe za ndovu. Wenyeji katika hadithi ni kabila la kubuniwa lililopewa jina la Galana: watu walioondoka katika ardhi yao iliyochakaa, wakasogea pwani, wakapotoshwa. Galana, kama tujuavyo, si kabila. Ni jina la mto Sabaki katika sehemu zake za juu. Mwenye kuandika hadithi ile alilichukua jina la mto, akawaacha watu wake wa kweli.

Watu hao walikuwa nani? Mapema katika miaka ya 1860, katika utawala wa Sayyid Majid wa Unguja, mji wa Malindi uliokuwa magofu ulianzishwa upya. Mashamba makubwa ya mtama, ufuta na mahindi yalilimwa, na waliolima walikuwa watumwa, wengi wao wakitoka nchi za mbali za kusini, pande za Nyasa. Wengi hawakuyavumilia maisha hayo. Walikimbilia nyikani, wakajenga vijiji vyao nyuma ya Takaungu na Malindi. Wenyeji waliwaita watoro. Vijiji vya Fuladoyo na Makongeni vilijulikana sana. Ndani yake watu wa makabila mbalimbali, wasio na ukoo mmoja wala lugha moja ya nyumbani, walilima pamoja, wakalinda maboma yao kwa zamu, wakapigana na mabwana waliokuja kuwarudisha. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka wa 1907.

Wakati huo huo Wagiriama, ambao asili ya mji wao ni Kaya Fungo, walikuwa wakitafuta ardhi upande wa kaskazini. Jamaa baada ya jamaa walihama, na kufikia miaka ya 1890 wengi walikuwa wamekwisha uvuka Sabaki. Mzee Ngonyo wa Mwavuo aliweka makao Marafa, na miongoni mwa watu waliomfuata walikuwamo watoro wengi. Ng'ambo ile ilikuwa na rutuba. Wagiriama walilima nafaka kwa wingi, wakawauzia wafanya biashara wa pwani, wakalipa mahari, wakajenga ghala. Hawakuwa na sherifu. Walikuwa na wazee wa kaya, viapo, na baraza chini ya mti.

Yatupasa tuwe waaminifu hapa, tusije tukatengeneza sinema yetu wenyewe. Nchi ya ng'ambo haikuwa tupu hata Wagiriama walipovuka. Waoromo walikuwa wamechunga ng'ombe wao huko kwa miaka mingi, mpaka walipodhoofishwa na vita vya Wamasai na Wasomali. Wawaata, wawindaji wa upinde mkubwa, walikuwako kabla, na waliendelea kuwako. Wala si kila mtoro aliyepokewa vizuri na Wagiriama: wengine walioa na kuwa jamaa, wengine walirudishwa kwa mabwana wao. Mpaka wa Sabaki haukuwa hadithi ya wema upande mmoja na ubaya upande wa pili. Ulikuwa mahali ambapo watu wengi waliofukuzwa huku na kule walijaribu kuishi.

Serikali ya Waingereza haikuuona hivyo. Mwaka wa 1912 ofisa Arthur Champion alipelekwa kuwatawala Wagiriama kwa karibu, kuhesabu nyumba, kukusanya kodi, na kupata vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu na kazi za serikali. Vijana hawakutaka. Mtu mwenye shamba zuri na soko la nafaka yake ana sababu gani ya kwenda kuwa kibarua? Maofisa walitambua kwamba uhuru wa watu hao ulitoka katika ardhi ya ng'ambo ya mto. Kwa hiyo dawa waliyoifikiria ilikuwa ni kuwaondoa huko.

Ndipo akasimama mjane mmoja wa makamo, Mnyazi wa Menza, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola alizunguka nchi mwaka wa 1913, akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu. Husimuliwa kwamba katika mkutano mmoja alileta kuku na vifaranga vyake, akamwambia ofisa ajaribu kukichukua kifaranga kimoja, kuku akamdonoa. Hivyo, akasema, ndivyo itakavyokuwa mkijaribu kuwachukua wana wetu. Watu wakakutanika Kaya Fungo na kula viapo: wanawake mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatalipa kodi wala kutoa vibarua.

Kabla ya mwaka huo kwisha Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Walikaa huko muda mfupi tu. Mwezi wa Januari 1914 walitoroka, wakashika njia ya kurudi kwa miguu, mamia ya maili kupita nchi za watu wasiowajua, mpaka wakafika kwao. Hakuna farasi katika safari hiyo. Mwezi wa Agosti walikamatwa tena. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia katika vita na Ujerumani, serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikazuka, wapiga mishale wakipambana na askari wa King's African Rifles. Vijiji vilichomwa moto, mbuzi wakatekwa, watu wengi wakafa. Wagiriama walipozidiwa walitozwa faini ya rupia 100,000, wakaamriwa kutoa vibarua 1,000, na wakalazimishwa kuihama ng'ambo ya Sabaki. Ghala zikaachwa, mashamba yakarudi msitu. Mtu ambaye angepita huko mwaka wa 1915 angeweza kuandika katika daftari lake kwamba nchi ile ni tupu, wala asingekuwa anasema uwongo kwa macho yake. Lakini nani aliyeifanya tupu?

Mwisho wa habari hii si ule wa Geronimo. Kuwaweka watu wengi katika nchi kame ya kusini kulileta njaa, na serikali yenyewe ilianza kuona kwamba imekosea. Kabla ya mwaka wa 1920 Wagiriama waliruhusiwa kuvuka tena, na Mekatilili akaachiliwa akarudi kufia kwao. Kaburi lake liko Bungale, katika Magarini, ng'ambo ya mto. Misitu ya kaya za Mijikenda iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008.

Tukimweka sasa mtu huyu wa mpakani kando ya yule wa sinema, twaona tofauti kubwa. Wa sinema yuko peke yake. Hana mama, hana mtoto, hana shamba la kupalilia. Nguvu yake ni wepesi wa mkono wake. Wa Sabaki hakuwa na maana akiwa peke yake. Mtoro aliyekimbia peke yake alishikwa. Aliyepata kijiji aliokoka. Mekatilili mwenyewe, ambaye leo twapenda kumchora kama shujaa asimamaye pekee, hangefanya neno bila Wanje, bila wazee wa kaya, bila wanawake waliokula kiapo, na bila watu wasiotajwa popote waliompa maji na chakula katika njia ndefu ya kutoka Kisii. Ujasiri ulikuwako, tena mwingi. Lakini ulikuwa ujasiri wa watu waliofungana kwa neno lao.

Na nadhani Marekani nako hakukuwa tofauti sana. Wakulima wa nyika zile walijengeana nyumba, wakazaliana na kuzikana; kauboi walisafiri kwa kundi; Wacherokee walibebana njiani. Yule mtu mmoja juu ya kilima ni mtu wa jukwaani zaidi kuliko mtu wa historia.

Pengine mwanafunzi atauliza, "Haya yana faida gani leo? Picha ni picha tu." Na afikiri juu ya jambo hili. Mwaka wa 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi iliyowataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao mbele ya maofisa. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe, ikawa mali ya serikali. Jamaa nyingi za Wamijikenda, waliolima bila karatasi, hawakupata hati. Hata leo, katika Kaunti ya Kilifi, wako watu wanaoitwa maskwota juu ya ardhi waliyozikwa babu zao. Hakuna bastola iliyolia katika njia kuu siku ile. Ilitosha kuandika neno "tupu" katika kitabu, na wasomaji wa kitabu hicho walikuwa wamezoea kuiona Afrika, kama Marekani, kwa macho ya mtu aliye juu ya farasi.

Basi utazamapo picha ya kauboi, furahia mbio za farasi, na umsifu mtu anayesimamia haki. Lakini picha inapofunguliwa na ile nchi pana isiyo na nyumba, jiulize maswali matatu. Nani alikuwa akikaa hapa kabla ya picha kuanza? Ni nani katika hadithi hii asiyepewa nafasi ya kusema? Na nani amepika chakula, amelima shamba na kuchota maji, ili shujaa apate kupumzika usiku mmoja na kuondoka?

Kisha siku ukipata nafasi, panda gari uvuke daraja la Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi. Mto hupita chini yako, mwekundu kwa udongo wa bara. Ng'ambo utaona mashamba ya mahindi, mbuzi, watoto wanaotoka shule. Watu hao wameondolewa mahali hapo mara moja, wakarudi. Waulize wazee wao habari za safari hiyo wangali hai wa kuisimulia, uyaandike majibu yao vizuri.